Nyongeza ya Mafuta ya Bwana Sawa

Kampuni ile ya malori ilianzishwa na ndugu wawili. Mkubwa alipofariki, ikabaki mikononi mwa mjane wake, na mdogo hakudai kitu. Aliendelea kukaa kwenye kiti chake kilekile karibu na dirisha linalotazama yadi, simu mbili mezani, akipokea maombi ya wateja, akichagua lori na dereva, na kutaja bei. Binti wa marehemu alimwita Baba Mdogo tangu akiwa mtoto wa kukimbizana na paka uani, na madereva wakaliokota jina hilo. Basi akawa Baba Mdogo wa kila mtu, hata wa waliomzidi umri.

Katika kazi yake, jambo lililoumiza kichwa kuliko yote lilikuwa nyongeza ya mafuta. Dizeli haina adabu. Leo iko hapa, wiki ijayo imepaa. Kwa hiyo bei ya kila safari ilikuwa na sehemu mbili: nauli yenyewe, isiyobadilika ovyo, na nyongeza juu yake ya kufidia mafuta. Tatizo ni kwamba nyongeza haikuwa moja. Ilikuwapo ya jumla, iliyopanda na kushuka pamoja na dizeli. Ilikuwapo ya malori maalumu, kama lile la friji, ambalo hunywa mafuta hata likiwa limesimama. Halafu ilikuwapo ya wateja waliokwisha kuelewana na kampuni kwamba wao watatozwa nafuu. Safari moja ingeweza kuangukia zote tatu, na aliyeamua ipi ishike alikuwa Baba Mdogo. Aliamua simu ikiwa sikioni, jicho moja likiwa yadini, kabla mteja hajamaliza salamu.

Mjane, ambaye pale ofisini walimwita Mama tu, alimwamini shemeji yake kwa kila kitu isipokuwa hilo. Wateja wana midomo. Wawili wa mtaa mmoja wakikutana, wakilinganisha ankara zao, mmoja hurudi amenuna. Mama alipochoka kujibu maswali asiyoyajua majibu, akamwita binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza na kufunga programu za kompyuta kwa kampuni za usafirishaji.

Madereva walimpa jina la Injinia kabla hata hajafungua begi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuninyang'anya kiti?"

"Nimekuja kukaa karibu nacho," alisema, akavuta kigoda na kufungua kompyuta yake juu ya magoti.

Akamweleza kwa utulivu. Programu haijui kukisia. Inauliza maswali kwa mpangilio, na ikipata jibu inasimama. Kwanza: je, safari hii yenyewe imewekewa nyongeza kwa mkono? Kama haikuwekewa: je, lori lililopangwa lina nyongeza yake? Kama halina: je, mteja ana mkataba unaofanya kazi siku hiyo? Kama hana, basi inachukua ya jumla.

"Inaanza na kilicho karibu na safari, kisha inaenda ikipanuka," alisema.

"Kama mtu anayetafuta miwani," alisema Baba Mdogo. "Kwanza kichwani, halafu mfukoni, halafu anapekua nyumba nzima."

"Hivyohivyo. Sasa niambie. Mteja akipiga simu leo na mzigo ukapakiwa wiki ijayo, na katikati dizeli imepanda, tunachukua nyongeza ya siku ipi? Ya simu au ya kupakia?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea nani kapiga simu."

Injinia alicheka, kisha akamtazama usoni na kuona hakuwa anatania.

Ikabidi wawapitie wateja mmoja mmoja. Kila alipotaja jina, Baba Mdogo alitoa hadithi. Mama wa Maziwa, mwenye kusafirisha maziwa kwa lori la friji, hatozwi ya friji kwa sababu mumewe amelala kitandani tangu alipoanguka. Mwenye shule anatozwa ya siku ya simu, ili asibabaike na bajeti. Fundi wa samani, waliyemwita Domo kwa sababu kinywa chake hakikujua likizo, anatozwa ndogo kuliko wote.

"Yeye ana shida gani?" aliuliza Injinia.

"Domo hana shida. Domo ni rafiki yangu. Anapiga simu, ananipa kichekesho, nikimaliza kucheka nimeshapunguza."

Injinia akataja mteja mwingine, mwenye karakana ya vioo.

"Ah, huyo. Bwana Sawa," alisema Baba Mdogo, na sauti yake ikapoa. "Muwekee ya jumla. Akichukua lori la fremu, la kubebea vioo vikubwa, muwekee ya lori."

"Kwa nini anaitwa Bwana Sawa?"

"Ndilo neno lake. Anapiga, anasema 'vioo', anataja mahali. Namtajia bei, anasema 'sawa', anakata. Hana 'habari yako', hana 'watoto hawajambo'. Nimefanya naye kazi tangu baba yako yu hai, hajawahi kuniuliza kama nimeamka salama. Watu wengine wanajiona."

Injinia aliangalia skrini. "Lakini ndiye anayetupa kazi nyingi kuliko wote. Mbona hana mkataba wa nafuu?"

"Hajaomba."

"Mama wa Maziwa aliomba?"

Baba Mdogo alifikiri. "Hapana. Alinieleza tu habari za mumewe."

"Na Domo?"

"Domo haombi. Domo anaongea."

Yadini dereva mmoja alikuwa anarudisha lori nyuma, na mlio wake ukajaza chumba. Baba Mdogo akasema anakwenda kuangalia tairi, akatoka. Hapakuwa na tairi la kuangaliwa. Alisimama nyuma ya kontena tupu, mikono mfukoni, moto ukimpanda. Maisha yake yote alikuwa amejihesabu kuwa mtu mwenye huruma, na sasa mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa amemtazama kama mtu aliyekamatwa mkono wake ukiwa kwenye kapu la jirani.

Mama alipoelezwa, alitoa uamuzi bila kuzunguka. Wateja wote wa kudumu wapewe mikataba, kila mmoja kwa kadiri ya kazi anayoileta, na nafasi ya kuweka nyongeza kwa mkono ifungwe.

"Basi, shemeji, nifungieni na mimi nje," alisema Baba Mdogo. Hakupandisha sauti. "Kama kazi ni kusoma skrini, mtu yeyote anajua kusoma."

"Hakuna anayekutoa, shemeji yangu. Mikataba hiyo itapelekwa na nani? Watu hawa wanakujua wewe. Sisi wengine wanatuona kama ukuta."

"Ukianza na Bwana Sawa, nitashukuru," aliongeza Injinia taratibu.

Alikubali shingo upande. Kesho yake akapanda lori la fremu pamoja na dereva waliyemwita Polepole, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa usukani, ambaye alikuwa anapeleka vioo vya dirisha kwenye karakana ileile. Njiani Baba Mdogo alikuwa anapanga maneno. Alitaka kuwa mfupi wa maneno kama mwenyeji wake.

Karakana ilikuwa ndefu na yenye mwanga mwingi. Vioo vilisimama vimeegemea fremu za mbao, magazeti ya zamani yakitenganisha kimoja na kingine. Mwishoni mashine ya kusaga kingo ilikuwa inatiririsha maji meupe kama tui. Mwanamume mwembamba aliyevaa aproni ya turubai alikuwa ameinama juu ya meza, akipitisha kikata kioo kwa mstari mmoja ulionyooka. Kioo kikaachana vipande viwili kwa sauti ndogo, kama mtu aliyegongesha ulimi kinywani. Ndipo akainua kichwa.

Polepole alivua kofia, akanyoosha mkono, kisha akasubiri. Hakutazama saa. Mwanamume yule alifumba macho. Taya likakaza, shingo ikasimama mishipa. Baba Mdogo alidhani anaumwa, akapiga hatua moja mbele kumshika.

"K... k... k... karibuni," alisema mwenye karakana.

Baba Mdogo akabaki na mkono hewani.

Walipoanza kushusha vioo alimsogelea dereva. "Ana kigugumizi," alinong'ona.

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe, nadhani." Polepole alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hukujua? Sisi madereva wote tunajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Wewe ndiye unayeongea naye kila siku."

Kulikuwa na benchi karibu na mlango. Bwana Sawa alimkaribisha akae, akaleta maji, na yeye akakaa upande wa pili akifuta unga wa kioo kwenye vidole. Baba Mdogo alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga njiani na hakuna hata moja lililofaa. Mwishowe akasema ukweli kama ulivyokuwa.

"Miaka yote hii nilidhani una kiburi."

Bwana Sawa aliangua kicheko, na katika kicheko hapakuwa na kukwama kokote.

"Ni s-simu," alisema. Alizungumza kwa kusimama na kuendelea, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Ana kwa ana mtu anaona. Kwenye simu, nikik... nikikwama, watu hukata. Wanadhani ni mtandao. Kwa hiyo nimechagua maneno yanayopita. 'Vioo' linapita. 'Sawa' linapita vizuri sana. 'Hapana' linakwama."

Akajaribu jingine.

"'K... kwa nini' ndilo b... baya kuliko yote."

Baba Mdogo alitazama sakafu. Aliziona simu zile zote, moja nyuma ya nyingine: yeye akitaja bei, mtu huyu akiwa na swali kooni, na neno pekee lililokubali kutoka likiwa la kukubali.

"Ulijua kuwa unatozwa zaidi ya wenzako?"

"Domo ni j... jirani yangu. Ananiambia kila kitu, hata nisichotaka."

"Na hukuhama. Kampuni ziko nyingi."

Bwana Sawa alielekeza kidevu kwa Polepole, ambaye alikuwa amebeba kioo kirefu kama mlango, amekikumbatia kwa mikono miwili na shavu lake likikigusa. "Huyu hajanivunjia hata kimoja. Nani ananiletea huyu?"

"Mimi. Nikiona kazi yako, hata kama nilikuwa nimempanga kwingine, namtoa namleta huku." Baba Mdogo akasita. Angeweza kuachia hapo, na ingependeza. "Lakini sikumleta kwa ajili yako, ndugu yangu. Nilimleta kwa ajili ya vioo."

"Hata mimi n... najali vioo," alisema Bwana Sawa, na akacheka tena.

Akausoma mkataba mstari kwa mstari, bila haraka, akauliza unaanza siku gani, akajibiwa, akaweka sahihi. Baba Mdogo aliomba msamaha. Mwenzake alimshika mkono na kukaa nao kwa muda, kisha akasema neno ambalo safari hii halikuwa la kukwepa lingine: sawa.

Mambo yangeishia hapo kama programu ingekubali. Wiki iliyofuata Bwana Sawa aliagiza lori la fremu, Baba Mdogo akaingiza safari mwenyewe, kidole kimoja kimoja kama kuku anayedonoa, na skrini ikamletea nyongeza ileile kubwa ya zamani.

"Injinia, njoo uone. Mashine yako imekula mkataba wa mtu."

Injinia alisogea, akabofya mahali ambapo programu ilionyesha sababu ya uamuzi wake. Iliandikwa: lori. "Haijakosea," alisema. "Ndivyo nilivyoipanga. Inauliza lori kwanza, mteja baadaye. Lori la fremu lina nyongeza yake, ikaichukua, ikasimama. Kwenye mkataba haikufika."

"Kwa nini lori litangulie?"

"Kwa sababu anayekunywa dizeli ni lori, Baba Mdogo, si mteja. Nimefunga hivi kwenye kampuni nyingine na hawakulalamika."

"Huko sikujui. Hapa nimekwenda kwa miguu yangu, nimekaa kwenye benchi la mtu, nimempa neno. Lori halikuahidiwa kitu. Aliyeahidiwa ni mtu, na ahadi ni deni."

Injinia aliusoma tena mpangilio kwenye skrini. Mama, aliyekuwa anasaini hundi kwenye meza ya pili, aliweka kalamu chini lakini hakuingilia.

"Nimekosea," alisema Injinia hatimaye. "Nilipanga bila kukuuliza. Nilikuuliza kila kitu kuhusu wateja, nikasahau kukuuliza kuhusu mpangilio."

"Na mimi ungeniuliza ningesema inategemea," alisema Baba Mdogo, na wote wawili wakacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile ya tairi.

"Tukimtanguliza mteja, Mama wa Maziwa atakuwa hatozwi friji kabisa," alisema Mama. "Na friji inakunywa."

"Hapana," alisema Injinia, vidole vyake vikirudi kazini. "Mkataba unaweza kutaja lori. Tukiandika kwamba mteja huyu, kwa lori la friji, anatozwa kiasi fulani, programu itaona hilo kwanza. Likikosekana, mkataba wake wa kawaida. Ukikosekana, lori. Likikosekana, ya jumla. Na siku ni ya kupakia, kwa wote."

Walikubaliana hivyo. Mama wa Maziwa aliandikiwa friji kwa nafuu hadi mumewe atakapopata ahueni, na Mama mwenyewe ndiye aliyependekeza. Ile nafasi ya kuweka kwa mkono nayo ikafunguliwa tena, kwa sharti kwamba anayeitumia aandike sababu na Mama aione. Safari ya vioo ikahesabiwa upya kabla ankara haijatoka, na jioni ile Baba Mdogo alikwenda nyumbani mwepesi.

Aliyebaki alikuwa Domo.

Domo hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, karatasi ya mkataba mkononi, akaingia bila kubisha.

"Rafiki yangu, umeniuza kwa mashine?"

"Mashine gani itakununua wewe, na maneno yote hayo?"

Lakini Domo hakucheka. "Nyongeza hii ni kubwa kuliko niliyozoea."

"Ni kubwa. Ni sawa na ya mwingine yeyote mwenye safari kama zako."

"Kwa hiyo urafiki wetu ndiyo basi."

"Urafiki upo palepale. Kaa, tunywe chai." Domo hakukaa. Baba Mdogo akasema kwa upole, "Mimi nilijiona mkarimu kwako. Kumbe ukarimu ule nilikuwa natoa mfukoni mwa jirani yako wa vioo, na yeye hana ulimi wa kuuliza kwa nini. Siwezi tena."

Domo alisimama kidogo, akiwa hana la kusema, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kisha akaondoka, na mkataba akauacha mezani bila sahihi.

Hakurudi. Habari zikaja kwamba anatumia kampuni ya upande wa pili wa barabara kuu. Baba Mdogo alisema ni uhuru wake, lakini saa za mchana, wakati ambao walizoea kupigiana soga, alikuwa anahangaika na kuhamisha vitu mezani. Mama aliona. Siku moja alimletea chai mwenyewe, akakaa.

"Unajuta?"

"Kwa nililofanya, hapana. Kwa rafiki, ndiyo."

"Hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja," alisema Mama, wakanywa chai.

Injinia alimaliza kazi yake, akamfundisha Baba Mdogo kusoma sababu ya kila uamuzi kwenye skrini, akaenda kufunga programu kwingine. Mvua zikaja, yadi ikawa tope, zikakatika.

Ndipo asubuhi moja Domo akatokea getini, amesimama pembeni ya dimbwi, hajui aingie au asiingie. Baba Mdogo alimwona dirishani. Hakungoja aitwe, alitoka.

"Habari za siku, bwana?"

"Njema kidogo." Domo alijikuna kichwa. "Kabati langu limefika kwa mteja halina mlango. Mlango ulishuka njiani peke yake. Nimewauliza wale jamaa, wananiambia upepo."

"Pole sana."

"Nyongeza yenu ni ileile?"

"Ileile. Sikufichi."

Domo alivuta pumzi. "Basi nitaweka sahihi. Nina vitanda vinatakiwa kesho, na kabati jingine la yule mteja, la kumwomba radhi."

"La kuomba radhi tutalifunga vizuri zaidi," alisema Baba Mdogo. "Njoo uchague blanketi za kufungia."

Wakaenda pamoja hadi stoo. Blanketi nyingi zilikuwa bado na unyevu wa mvua. Wakazitoa moja baada ya nyingine, kila mmoja akishika pembe mbili, wakizikung'uta na kuzianika kwenye ukuta wa yadi, na kabla hawajafika nusu Domo alikuwa ameshaanza kusimulia ugomvi wake na wale jamaa wa upepo.